Wafo ikinata kwenye mashine usiikwangue kwa kisu

Zamani ukitaka kula wafo ilikubidi uende kwenye hoteli kubwa. Siku hizi mambo yamebadilika. Mashine ya kuoka wafo, ile yenye vibao viwili vya chuma vilivyochorwa miraba midogo midogo, inauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret, na imeingia jikoni pamoja na birika la stima na tosta ya sandwichi. Watoto wanaipenda, na mama au baba akiamka Jumamosi asubuhi huombwa wafo kabla hata hajanawa uso.

Huenda ukajiuliza daktari ana shughuli gani na wafo. Jibu nililipata katika kliniki yangu.

Mama mmoja aliniletea mtoto wake wa kiume wa miaka minne akiwa amefungwa kitambaa mkononi. Jana yake asubuhi wafo ilikuwa imenata kwenye mashine. Mama alijaribu kuibandua kwa kisu ikakataa, akaiacha mashine wazi juu ya meza, plagi ikiwa bado ukutani, akaenda kutafuta waya ya chuma ya kusugulia sufuria. Hakukawia hata dakika moja. Mtoto alipanda kiti akaweka kiganja chote juu ya kibao cha chini. Nyumbani walimpaka dawa ya meno, wakasubiri hadi siku ya pili. Nilipofungua kile kitambaa, nilikuta miraba midogo midogo imechorwa kwenye kiganja cha mtoto kama vile inavyochorwa kwenye wafo.

Mtoto huyo alitibiwa kwa miezi kadhaa. Vidole vinne vilipona vizuri. Kidole cha mwisho mpaka leo hakinyooki sawasawa. Mama yake aliniuliza, "Daktari, kosa langu lilikuwa wapi?" Leo nataka kulijibu swali hilo kwa kirefu, kwa sababu ajali ile haikuanza pale mtoto alipopanda kiti. Ilianza pale wafo iliponata.

KWA NINI WAFO HUNATA

Mashine ya wafo si kitu kipya. Cornelius Swarthout wa mji wa Troy, jimbo la New York, alipewa hataza ya chuma cha kuokea wafo juu ya jiko tarehe 24 Agosti 1869. Chuma hicho hakikuwa na utando wowote. Mpishi alikipaka mafuta na kukipasha moto mara nyingi mpaka kikawa cheusi na laini. Hakika jambo hili si geni kwetu. Akina mama wa pwani wanaopika vitumbua wanajua kwamba chuma kipya cha vitumbua hunata mpaka kizoee mafuta, na kikishazoea hakisuguliwi kwa nguvu. Kikaango kizito cha chapati nacho ni vivyo hivyo.

Mashine za leo nyingi zimepakwa utando usionata. Malighafi ya utando huo iligunduliwa mwaka wa 1938 na mwanakemia Mmarekani Roy Plunkett, naye Mfaransa Marc Grégoire akabuni njia ya kuupaka kwenye vyombo vya kupikia mwaka wa 1954. Utando huu ni mwembamba mno. Kinachouharibu kwa haraka ni mambo mawili: kukwaruzwa na kupashwa moto kupita kiasi.

Sasa, ikiwa utando upo, kwa nini wafo inanata? Sababu zenyewe ni hizi:

Kwanza, protini. Rojo ya wafo ina mayai na maziwa. Protini zilizomo, zikikutana na chuma ambacho hakijapata moto wa kutosha, hupata muda wa kujishikiza kwenye chuma kabla hazijaiva. Chuma kikiwa na moto wa kutosha, rojo huiva upande wa nje mara moja na mvuke hutoka kati yake na chuma, ukaisukuma wafo mbali kidogo.

Pili, sukari. Sukari ikipata moto huyeyuka, ikageuka rangi ya kahawia na kuwa kama gundi. Rojo yenye sukari nyingi, asali au ndizi mbivu zilizopondwa hunata kuliko rojo ya kawaida.

Tatu, ukosefu wa mafuta ndani ya rojo yenyewe. Watu wengi hupunguza mafuta kwenye rojo kisha hupaka mengi kwenye mashine. Kufanya hivyo ni kugeuza mambo kichwa chini miguu juu.

Nne, mafuta ya zamani. Mafuta ya kupikia yanayobaki kwenye vibao na kupashwa moto tena na tena hugeuka kuwa utando wa rangi ya asali, unaonatanata ukiugusa. Mafuta ya kupuliza kutoka kwenye mkebe huleta shida hii upesi, kwa kuwa mengi huchanganywa na lesithini, ambayo huacha masalio. Wafo ya leo basi hainati kwenye chuma. Inanata kwenye mafuta ya mwezi uliopita.

Tano, haraka. Anayefunua mashine kabla ya wakati hukuta wafo imepasuka vipande viwili, kimoja juu na kimoja chini. Watu hudhani imenata, kumbe ni mbichi.

JINSI YA KUZUIA

Ukifuata hatua zifuatazo, hutahitaji kisu.

1. Ikiwa mashine ni mpya, soma karatasi ya maelezo, pangusa vibao kwa kitambaa chenye unyevu, vikauke, halafu vipake mafuta kidogo sana. Oka wafo ya kwanza uitupe. Hiyo hubeba vumbi na harufu ya kiwandani.

2. Tengeneza rojo yenye mafuta ya kutosha na sukari kidogo. Kwa vikombe viwili vya unga wa ngano, tumia mayai mawili, kikombe kimoja na robo tatu cha maziwa, theluthi moja ya kikombe cha mafuta, vijiko vinne vya chai vya bekingi pauda, kijiko kikubwa kimoja cha sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Koroga mpaka unga ulowe tu. Vidonge vidogo vya unga visikusumbue. Acha rojo itulie kwa dakika tano hadi kumi.

3. Pasha mashine moto ikiwa imefungwa mpaka taa ionyeshe kuwa iko tayari. Usimimine rojo kabla ya hapo hata kama watoto wanalia njaa.

4. Paka mafuta kidogo kwa brashi inayostahimili moto, juu na chini, hasa kwenye pembe za miraba. Kijiko kimoja cha chai kinatosha vibao vyote viwili. Mafuta ya kawaida ya kupikia au samli yanafaa. Siagi na majarini haviifai kazi hii. Siagi ina chembe za maziwa zinazoungua, na majarini ina maji. Brashi za nywele za nailoni zinayeyuka, kwa hiyo usizitumie kwenye chuma chenye moto.

5. Usijaze rojo mpaka ifurike. Rojo inayomwagika huingia kwenye bawaba na ndani ya mashine, mahali ambapo mkono wako hautafika kuisafisha.

6. Funga, kisha tazama mvuke. Wafo nyingi huiva kwa dakika tatu hadi tano. Mvuke ukipungua sana, inua kifuniko taratibu. Kikikataa kuinuka, kifunge tena usubiri dakika moja zaidi. Kifuniko kinachokataa kinakuambia kwamba wafo haijaiva.

7. Toa wafo kwa mwiko wa mbao au kibanio cha silikoni. Usitumie uma, kisu wala kijiko cha chuma.

Na ikinata licha ya hayo yote? Zima swichi ukutani, chomoa plagi, uiache mashine wazi mahali ambapo mtoto hafiki, ukae ukinywa chai yako. Ikishapoa na kuwa vuguvugu, vipande vingi hujibandua vyenyewe kwa kijiti cha mbao. Wafo moja iliyoharibika haifai kukutia haraka.

JINSI YA KUSAFISHA

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, na mimi mwenyewe siwezi kujitoa. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa na shahada yangu ya udaktari ukutani, niliichukua mashine yetu ya wafo nikaitia chini ya mfereji na kuisugua kama sufuria ya ugali. Niliipangusa, nikaiona imekauka, nikaichomeka. Stima ya nyumba nzima ilikatika kwa kishindo. Nilipona kwa sababu nyumba ile ilikuwa na kikata-umeme kinachofanya kazi. Si kila nyumba inacho.

Umeme wa nyumbani hapa Kenya ni wa volti 240. Umeme huo unaweza kusimamisha moyo. Ngozi kavu huupinga kwa kiasi, lakini mikono iliyolowa huupa njia rahisi. Kwa hivyo sheria ya kwanza haina mjadala: mashine ya stima haitumbukizwi majini, na haisafishwi ikiwa imechomekwa. Ikiwa vibao vya mashine yako vinatoka, vitoe peke yake uvioshe kwa maji ya sabuni, uvikaushe kabisa kabla ya kuvirudisha.

Kwa mashine ambayo vibao vyake havitoki, fanya hivi:

Mara tu baada ya kuoka, zima na uchomoe plagi. Chukua karatasi laini za jikoni au kitambaa safi cha pamba, lowesha kwa maji, kamua mpaka pasidondoke hata tone. Subiri mashine ipungue moto, kisha tandika kitambaa juu ya kibao cha chini na ufunge kifuniko kwa dakika tano. Mvuke utalainisha masalio. Jihadhari unapofunua, kwa sababu mvuke unaunguza kama chuma chenyewe.

Mashine ikishakuwa vuguvugu, ondoa makombo kwa brashi laini. Mswaki wa zamani wenye nywele laini unafaa sana kuingia kwenye miraba. Pangusa kwa kitambaa chenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, halafu kwa kitambaa chenye maji matupu, halafu kikavu. Iache wazi mpaka ikauke kabisa. Ukiifunga na unyevu, ukungu utaikaribia.

Kwa mafuta yaliyogeuka gundi, changanya bekingi soda na maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito. Paka juu ya madoa kwenye mashine iliyopoa, subiri dakika kumi, sugua polepole kwa sponji laini, kisha pangusa mara mbili au tatu mpaka weupe uishe.

Hapa nitoe onyo. Watu wengine hutumia magadi badala ya bekingi soda, wakidhani ni kitu kimoja kwa kuwa vyote huharakisha maharagwe kuiva. Si kitu kimoja. Magadi, yale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi kule Kajiado, ni makali zaidi. Vibao vingi vya mashine hizi ni vya alumini, na alumini huliwa na vitu vya namna hiyo. Dawa kali za kusafishia oveni zenye magadi ya kutengenezea sabuni ni mbaya zaidi: huila alumini, huunguza ngozi, na zikiingia machoni zinaweza kumpofua mtu. Aidha, usichanganye kamwe maji ya klorini ya kung'arishia nguo na siki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma mapafu.

Waya ya chuma ya kusugulia sufuria nayo isikaribie mashine hii. Hukwaruza utando, na vijinywele vyake hukatika na kubaki katika pembe za miraba. Wafo inayofuata huvibeba. Madaktari katika nchi mbalimbali wameripoti wagonjwa waliokwamwa na vijinywele vya brashi za chuma kooni au hata kutobolewa utumbo, wengi wao baada ya kula nyama iliyochomwa kwenye chuma kilichosuguliwa kwa brashi hizo. Kijinywele hakionekani ndani ya chakula.

UCHAFU UNAOBAKI HULETA NINI?

Kuna wanaosema kwamba moto wa mashine huua kila kitu, kwa hivyo haina haja kuisafisha. Moto huua vijidudu vilivyo juu ya vibao, hilo ni kweli. Lakini rojo mbichi iliyomwagika pembeni, kwenye bawaba na kwenye mpini haipati moto huo. Mayai mabichi yanaweza kubeba salmonela, na hata unga mbichi unaweza kubeba vijidudu vya kuhara. Unaushika mpini wenye rojo, halafu unamshikia mtoto kipande cha wafo. Nawa mikono baada ya kushika rojo. Rojo yenyewe isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na katika joto la Mombasa au Kisumu ni heri isipite saa moja.

Isitoshe, makombo huita mende. Mende si aibu ya nyumba tu. Kinyesi chao na vipande vya ngozi yao huchochea pumu, hasa kwa watoto. Nimeona familia ikibadilisha dawa za pumu mara tatu wakati mende wanalala ndani ya tosta.

MAJIBU YA MASWALI YENU

Wagonjwa huniuliza maswali yanayofanana kuhusu mashine hizi. Nitajibu matatu.

"Daktari, utando umebanduka na nadhani tumeumeza. Je, tutapata saratani?"

Vipande vya utando wenyewe havisagwi tumboni wala haviingii kwenye damu. Hupita na kutoka chooni. Kilicholeta wasiwasi duniani ni kemikali nyingine iitwayo PFOA, iliyokuwa ikitumika viwandani wakati wa kutengeneza utando huo. Mwaka wa 2019 iliwekwa katika orodha ya kemikali za kuondolewa chini ya Mkataba wa Stockholm, na mwaka wa 2023 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba inasababisha saratani kwa binadamu. Makampuni makubwa yalikuwa yameafikiana kuiacha kufikia mwaka wa 2015. Kwa hivyo, usitie hofu kwa kipande ulichomeza jana, lakini mashine iliyobanduka ibadilishe. Haitazuia kunata tena, na utarudi kwenye kisu.

"Je, moshi wake una sumu?"

Katika moto wa kawaida wa kuokea, hapana. Utando huu huanza kuharibika ukizidi nyuzi 260 za Selsiasi, na huvunjika kwa wingi ukipita nyuzi 350. Mashine ya wafo iliyo nzima ina kidhibiti joto kinachoizuia kufika huko. Hatari kubwa zaidi ni kikaango kisichonata kikiachwa kitupu juu ya gesi: kinaweza kupita nyuzi 260 kwa dakika chache tu. Moshi wake humfanya mtu apate homa, baridi, kuumwa kichwa na kifua kubana saa chache baadaye, mithili ya mafua makali. Ndege wanaofugwa ndani ya nyumba hufa upesi wakiuvuta. Ukiona mashine yako inatoa moshi usio wa kawaida, chomoa, fungua madirisha, na usiitumie tena.

"Nina kisukari. Je, niache wafo kabisa?"

Si lazima, lakini jihadhari na kinachomwagwa juu yake. Kijiko kikubwa kimoja cha asali kina sukari gramu 17 hivi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, asali ikiwemo, isizidi asilimia 10 ya nguvu anayokula mtu kwa siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na ikishuka hadi gramu 25 ni bora zaidi. Vijiko vitatu vya asali vimemaliza hesabu hiyo yote. Kula wafo moja, isiyo na sukari nyingi ndani, pamoja na yai au matunda yaliyokatwa. Mafuta yaliyomo ndani ya rojo niliyoeleza yanaongeza kalori zaidi ya 100 kwa kila wafo ikiwa utapata wafo sita, kwa hivyo hakuna haja ya kupaka siagi juu. Na ikae rangi ya dhahabu. Vyakula vya wanga vikiungua hutengeneza akrilamaidi, kemikali ambayo watafiti wa Uswidi waliigundua katika vyakula mwaka wa 2002 na ambayo inashukiwa kuchangia saratani. Wafo nyeusi mpe kuku.

AJALI IKITOKEA

Sehemu hii nakuomba uikate uibandike kwenye mlango wa friji.

Mtu akiungua: Mwondoe kwenye moto. Weka sehemu iliyoungua chini ya maji ya mfereji yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20 kamili. Tazama saa. Dakika mbili hazitoshi, hata kama mtoto analia. Kama mfereji hauna maji, mimina maji safi kwa kikombe mara kwa mara. Hata saa tatu zikiwa zimepita tangu kuungua, bado maji hayo yanasaidia. Vua pete, bangili na saa kabla mkono haujavimba. Ikiwa sehemu iliyoungua ni kubwa, mfunike mtoto mwili uliobaki asipate baridi.

Usipake dawa ya meno, siagi, yai bichi, unga wala mafuta ya taa. Vitu hivi huzuia joto kutoka, huleta uchafu, na mimi nalazimika kuvibandua juu ya ngozi inayouma. Usitumie barafu. Usitoboe malengelenge. Funika kwa kitambaa safi kisicho na manyoya au karatasi safi ya plastiki ya kufunikia chakula, ukiilaza juu bila kuikaza. Dawa ya maumivu kama parasetamoli inaruhusiwa kwa kipimo cha umri.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ikiwa jeraha linazidi ukubwa wa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au liko usoni, mkononi, mguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo. Ikiwa limekuwa jeupe au jeusi au halina maumivu. Na ikiwa aliyeungua ni mtoto mdogo. Kumbuka kuuliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Kiganja cha mtoto kinahitaji daktari hata kikionekana jeraha dogo, kwa sababu kovu hujivuta likipona na kuvikunja vidole. Kiganja kikiwahiwa mapema, tunaweza kukifunga kikiwa kimenyooka na kumfundisha mzazi mazoezi ya vidole.

Mtu akishikwa na stima: Usimguse. Zima swichi au meta kwanza. Ukishindwa, simama juu ya kitu kikavu, umsukume mbali na umeme kwa mti mkavu kama mpini wa ufagio. Piga simu 999 au 112. Ikiwa hapumui, mlaze chali, weka mikono katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu kina cha sentimita tano hivi kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Hata akiamka na kusema yu mzima, mpeleke hospitali, kwa sababu umeme unaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

MASHINE IKAE WAPI

Iweke ukutani kabisa mwa meza, isiwe ukingoni. Waya usining'inie mahali ambapo mtoto anaweza kuuvuta. Usiweke mashine juu ya kitambaa cha meza, maana mtoto akivuta kitambaa mashine nayo huja. Mfundishe yaya au msaidizi wa nyumbani haya yote, umwonyeshe kwa mikono, usimwachie karatasi tu. Chora mstari sakafuni ikibidi: wakati mashine ina moto, mtoto havuki. Na moto haumaliziki plagi ikichomolewa, vibao huendelea kuunguza kwa dakika nyingi baadaye.

Ikiwa waya umechubuka, plagi imeyeyuka, au ukigusa mashine unahisi mwasho wa stima, usijaribu kuitengeneza kwa gundi ya plastiki. Mpelekee fundi anayeijua kazi yake, au uitupe. Bei ya mashine mpya ni ndogo kuliko ya wiki moja hospitalini.

Sasa nirudi kwa yule mama. Nilimwambia kwamba kosa halikuwa kumpikia mwanawe kitu anachokipenda. Kosa lilikuwa mashine ambayo haikuwa imepata moto, mafuta ya zamani yaliyoganda, kisu, haraka, plagi iliyobaki ukutani, na baadaye dawa ya meno badala ya maji. Mambo sita, na hata moja tu kati ya hayo lingekuwa limerekebishwa, huenda kidole kile kingenyooka.

Bado anaoka wafo. Mwanawe sasa anajua kazi yake: anakaa mlangoni mwa jikoni akihesabu mvuke unavyopungua, na haingii mpaka aitwe.

Heri kinga kuliko tiba. Kwa leo nakomea hapo, msomaji. Kabla hujaoka wafo nyingine, ifungue mashine yako ikiwa baridi, pitisha kidole kwenye miraba yake. Kikinata, unajua pa kuanzia.